Kifurushi cha Bergen

Karani Nyanzobe, dirisha namba tatu,
aliniuliza: "Ndani mna nini?"
Vitabu, mama. Saba. Viwili vimeliwa pembe na mende,
kimoja kina doa la chai ambalo si langu.
"Thamani yake?"
Hapo nikakwama, kalamu juu ya fomu,
na foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.

Solveig, uliniandikia: nianzie wapi?
Nami nimeshinda juma zima sakafuni, chumbani Mabatini,
napanga, napangua.
Hiki nimekitoa: kinatuonyesha wasafi mno,
kama mtoto aliyeogeshwa kwa ajili ya mgeni.
Hiki nimekirudisha: kinatutukana,
lakini kwa Kiswahili kitamu.

Ukifungua cha kijani, mtu anaamka saa kumi na mbili.
Usimwite mvivu. Jua ndiyo kwanza linagusa mawe ziwani;
sisi saa zetu twaanza kuzihesabu kukipambazuka.
Na mwenye nyumba akimwambia, "Tutaonana kesho,"
hiyo si ahadi, ni kitisho.
Mengine sikuelezi. Kaa nayo.

Minofu ya ziwa hili mnaijua.
Hupaa usiku juu ya barafu, imenyooka, haina mwiba,
hufika kwenu bila hata jina la aliyeivua.
Mapanki ndiyo hubaki: kichwa, uti, mkia,
twayakaanga Kirumba hadi mfupa ulie mdomoni.
Basi safari hii nimekutumia mapanki.
Yana miba. Weka uma chini.
Utamu umejificha nyuma ya jicho.

Nyanzobe alikwisha kuchomoa kimoja,
anasoma wima, muhuri mkononi.
Ukurasa wa pili akacheka peke yake.
Mzee aliyefuata pensheni akafoka,
"Kama ni kizuri hivyo, tusomee sote!"
Akasoma. Foleni ikasogea,
si mbele, ikasogea karibu;
mwenye mtoto mgongoni akaacha kumbembeleza,
na mtoto naye akanyamaza.

Penye thamani niliandika elfu arobaini,
uongo wa kupunguza ushuru.
Boksi likafungwa, gundi, kamba, muhuri pwaa!
Kile cha doa la chai hakikuingia.
"Hiki nitakituma Jumatatu," kasema Nyanzobe
akikitia mkobani, chini ya kanga na chupa ya uji,
wala hakunitazama.

Solveig, vitakufikia sita.
Cha saba, msubiri Nyanzobe amalize.