Safu Kumi na Nne

Kishikwambi cha ghala la Buginyanya
kilikuwa kinakata roho kila asubuhi saa tatu.
Karani Mugide alikizaba kofi, akakipuliza,
akakianika juani kama kahawa mbichi,
kisha akanipigia simu Mbale:
"Wambede, daftari lako limekufa tena."

Kosa lilikuwa langu.
Nilikiamuru kivinjari kichore wakulima wote,
elfu arobaini na moja, mia mbili na sita,
kila mmoja na kijiji chake, kilo zake, deni lake la mbolea,
kabla mtu hajamtafuta hata mmoja.
Ni kumwaga gunia zima mezani
ili uonje punje.

Usiku ule umeme ulikatika Namakwekwe.
Nikala malewa ya baridi kwa mwanga wa kompyuta
na nikafuta kazi ya miezi miwili.

Nikabakiza safu kumi na nne.
Kumi zinazoenea kiooni,
mbili zimejibanza juu, mbili chini,
mkono tayari kwenye komeo.
Wengine wote sikuwachora.
Mahali pao niliacha kimo kitupu,
nukta milioni mbili kasoro kidogo za hewa,
ili mstari wa pembeni usishtuke.
Kidole kikisukuma, safu inayotoka juu
inazunguka mbio nyuma ya pazia,
inavua jina, inavaa jina,
inaibuka chini haina hata jasho.
Ndivyo yalivyo mabeseni ya kuoshea kahawa:
ni yale yale.
Kahawa ndiyo inayopita.

Daftari likafunguka kabla Mugide hajamaliza kupiga chafya.
Akatoka Budadiri hadi Sipi kwa dole gumba,
akarudi, akaenda tena, bila shughuli yoyote,
kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Jumanne nikapanda kujionea.
Mvua, pikipiki, tope mpaka kwenye mfuko wa shati.
Jesika Nabifo alikuwa dirishani,
shingo ndefu juu ya bega la karani.
Jina lake likapanda. Na kando yake,
kwa muda wa kufumba jicho,
kilo mia tatu na kumi za Gimei.
Kisha zikawa sitini na mbili.

"Nimeziona," akasema.
"Mia tatu na kumi. Zimekwenda wapi?"

Foleni ikanyamaza. Hata mzani ulinyamaza.
Nikaanza habari za safu, za kumbukumbu, za kasi ya kidole,
nikasikia sauti yangu inafanana na ya mwizi.
"Mama, beseni halikuoshwa."
Akanitazama mpaka viatuni.
"Basi lioshe."

Nikakaa juu ya gunia nikaosha:
safu ivuliwe mpaka ibaki uchi
kabla haijamvaa mwingine,
na iulize namba ya mtu, si nafasi aliyosimama.
Nafasi ni ya yeyote.

Alihesabu fedha zake mara mbili,
ya pili kwa sauti, ili nisikie.
Kisha: "Na Wamimbi? Mume wangu bado yumo humo?"

Mugide akasogeza, polepole safari hii.
Yumo. Kilo sifuri, misimu mitatu sasa,
tangu mlima uliposhuka na nyumba ya kahawa.
Deni la mbolea, mifuko miwili.

"Mkimpita, anakwenda wapi?"
"Haendi popote, mama. Hachorwi tu."
"Na mahali pake?"
"Tumepaacha. Nukta arobaini na nane."
Nilimwonyesha kwa vidole: hivi,
upana wa ukucha na kidogo.

Akaupima ukucha wake mwenyewe,
akafunga fedha kwenye pindo la kitenge.
"Deni hilo sitalilipa," akasema, akatoka mvuani.

Mugide alikuwa amekwisha kusogeza.
Safu ya Wamimbi ilikuwa chini kabisa ya kioo,
imeoshwa, imemvaa Muyama,
kilo kumi na tisa,
ambaye alikuwa akijipenyeza dirishani, akiuliza
mbona leo mambo yanakwenda haraka hivi.