Nusu Sekunde

Walinipa kazi ya nusu sekunde.
Isizidi, alisema Taavet, isipungue:
mlio wa kumwita mtu arudi.

Tulikuwa tisa katika kiwanda mfu cha viberiti,
Kopli, upande wa Tallinn wenye upepo,
kuta bado zinanuka salfa ukizikaribia.
Programu yetu, msinicheke, ilifundisha utulivu:
kila dakika kumi na moja inakukatiza
kukuuliza kama umetulia.

Ukutani, kwa kalamu ya kijani, Taavet aliandika:
WATU MILIONI MOJA KABLA YA THELUJI.
Theluji ikaanguka, tuko elfu arobaini.
Akafuta theluji kwa kiganja, akaandika MAUA.
Haraka haina baraka, nikamwambia.
Baraka haina grafu, akanijibu.

Nikajaribu vyote. Funguo. Kizibo cha chupa.
Mlango wa friji. Kidole juu ya ukingo wa bilauri.
Paka wa Virve akipiga chafya,
mara sita, ya saba akatuchoka.
Usiku nilirudi nyumbani masikio yamejaa
mithili ya mifuko ya mtoto
anayeokota kila kinachong'aa njiani.

Mwekezaji akaja kutoka Helsinki, akasikiliza
jicho moja likiwa kwenye simu yake nyingine.
Mlio mzuri, alisema.
Lakini haunililii.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Viljandi, kwa bibi.
Alikuwa anapika jemu ya matunda ya msituni,
mikono myekundu hadi viwikoni.
Akagonga kijiko ukingoni mwa chupa
kudondosha tone la mwisho: ti.
Mguu wangu ukaondoka kabla yangu.
Miaka thelathini nimekuwa mtoto wa ule mlio;
hakuwahi kuniita kwa jina
nije na mkate.
Nikaweka simu karibu na birika, sikuomba ruhusa.
Unatafuta nini hapo?
Mtandao, nikasema.

Studio nikakata redio, nikakata maji yanayochemka,
nikakata nyigu, nikakata pumzi ya bibi.
Pumzi ilinisumbua, ilishikana na kijiko
kama ukoko na sufuria.
Ikabaki nusu sekunde.
Taavet alipoisikia alifumba macho,
na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona
akifanya jambo moja.

Milioni ilifika kabla ya maua.
Tulikula keki yenye jina la kampuni;
mimi niliangukiwa na kipande cha herufi ya mwisho.
Nikanunua kiti kizuri cha mgongo wangu mbovu.

Kisha asubuhi moja, tramu namba mbili,
ti, mahali fulani nyuma yangu,
na vichwa kumi na vitatu vikainama pamoja,
safu kwa safu, sala isiyo na imamu.
Nikawacheka kimoyomoyo
mpaka nilipoona ninawacheka
huku natazama kioo cha simu yangu.

Agosti nikarudi Viljandi.
Bibi akagonga chupa.
Mkono wangu ukaenda mfukoni.
Akaona. Akafuta kijiko kwa aproni, taratibu,
pande zote mbili.
Nani anakuita?
Ni wewe, nilitaka kusema.
Nikasema: kazini.

Faili refu ninalo bado,
dakika nne na sekunde kumi na mbili.
Virve hajalisikia. Taavet hajui kama lipo.
Dakika ya tatu nyigu anazunguka, anazunguka,
halafu sauti ya bibi, ya chini:
Ngoja, mwanangu. Bado ni ya moto.
Nimeirudia mara nyingi.
Sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.