Mafuta ya Tuhau

Kilo mbili za mashina nimezikatakata
kwa kisu cha mama, kilichonifuata toka Tambunan
kikiwa kimefungwa gazetini.
Saa nne mvuke wapanda, wapoa, wateremka,
na juu ya maji pameelea mafuta
ya kulowanisha kope moja tu.

Maabara nzima inanuka
yule mdudu wa kijani wa mpunga, ukimminya.
Wei Shan kafungua madirisha:
"Jainih, umeua nini humu?"

Mashine yachora vilele, kila kilele na jina:
borneoli, iliyojinasibu na kisiwa chetu,
pineni, tena kingine, tena kingine,
na kimoja, kirefu kuliko vyote,
ambacho mashine haikijui.
Nimeandika: hakijulikani.

Tone likaingia kwenye dawa ya zambarau.
Nilingoja igeuke manjano, rangi ya bizari.
Nusu saa. Zambarau ilichoka kidogo, basi.
Mrija wa jirani, wenye vitamini C,
ulikuwa umeshamaliza kazi, umelala.

Nikampigia mama, yuko sokoni;
soko kwetu huitwa tamu, ndilo jina lake.
"Mafuta hayana nguvu," nikamwambia.
"Kutu ya mwili yanaiparuza tu."
"Uliitia chumvi?"
"Hapana."
"Ndimu? Pilipili?"
"Mama, hii ni kemia."
Akacheka, akamgeukia mteja, akasahau kukata simu.
Nikamsikia akitaja bei, akikataa kupunguza.

Usiku nikala wali mkavu
kwa mkono ule ule ulioshika mashina.
Sikutafuta kitoweo.