Kiango cha Bwana Zagalo

Mimi nililipwa nisicheke.
Miaka kumi na mmoja, mjini Évora, juu ya duka la vizibo,
meza, taa, muhuri, na kalamu ya buluu
niliyoichonga kila asubuhi kwa kisu cha marehemu baba.
Jioni kijana wa gazeti alipanda ngazi
na kurasa zikinuka wino mbichi,
nami nikazichambua kama mchele:
hili jiwe, hii chuya, hili jiwe.

Makala hayakunisumbua. Neno ni neno,
unalipiga mstari, linakufa.
Lakini Belmiro Zagalo alikuwa mchoraji,
na katuni zake alishazoea nizikate,
kwa hiyo siku ile akaleta tangazo.

Ukurasa wa nne, kati ya sabuni na dawa ya minyoo:
kiango cha nguo. Mti mkavu, mabega mapana,
kofia juu pasipo kichwa,
nishani kifuani hadi mguu mmoja umepinda.
Na chini yake:

     Kiango cha kihodari,
     hakinywi, hakifikiri,
     kisimame kwa fahari,
     nishani zake kibebe.

     Hakuna alokihoji,
     hakitaki hata maji,
     kipambo cha kila mji,
     lipa, kibebe, usambe.

Nikainua kalamu. Ikabaki hewani.

Maana kanuni ilidai sababu, kwa maandishi, nakala tatu:
*Nimeufuta mchoro huu kwa kuwa unamfananisha*
Unamfananisha nani?
Zagalo amechora mti. Mti hauna jina.
Atakayeandika jina ni mimi,
kwa mwandiko wangu, chini ya muhuri wangu:
nilipokitazama kiango, nilimwona Mheshimiwa Gavana.
Sasa hapo mtukanaji nani?
Kofia haina mwenyewe
mpaka mtu ajipapase kichwa.

Nikapiga muhuri. Ipite.

Kesho yake sokoni hakuna aliyecheka,
na hilo ndilo lililonitia baridi.
Muuza mkaa aliukunja ukurasa mara nne, akautia kifuani.
Buchani, Dona Eufrásia akanigeukia,
uso mkavu kama samaki wa chumvi:
"Kapteni, kile kiango kinauzwa wapi?
Nasikia cha zamani kimeanza kulegea."
Kwa kinyozi swali lile lile. Kanisani, baada ya misa, lile lile.
Mji mzima ulikuwa unatafuta fanicha.

Wiki ya tatu ikaja barua yenye nembo ya dhahabu:
Ofisi ya Gavana inaomba viwili, vya mwaloni,
kwa ukumbi wa mapokezi.
Bibi Gavana amependezwa na umbo.

Nilikwenda chooni, nikafungulia bomba hadi mwisho,
nikauma taulo.
Mshahara wa siku ile nilikula haramu.

Seremala alivichonga kwa uaminifu, hata ule mguu uliopinda.
Usiku wa mapokezi Mheshimiwa alisimama katikati yao,
kifua mbele, nishani zikigongana,
na wageni, kwa adabu kubwa,
wakaviinamia vyote vitatu.

Zagalo walimchukua mwezi Machi,
tena kwa mchoro wa yai.
Yai tu, kwenye kikombe chake, na kijiko pembeni.
Nilikuwa likizo. Mkaguzi aliyetoka Beja
hakuwa mwoga kama mimi:
aliandika jina, nakala tatu, hati nzuri ya shule.

Mei wakamfuata na yeye.
Walitaka awaeleze, taratibu, tangu mwanzo,
amewezaje kumtazama yai
akamwona nani.