Kisanduku Kimoja

Karani wa ardhi alifika Mpunguzi na fomu zake,
akaketi kivulini mwa ghala, akauliza:
"Mwenye shamba?"
Baba mkubwa Ndahani akakohoa kama anayejibu.

Mimi nilitazama miguu ya mama.
Nyufa zake zinaijua mizabibu mstari kwa mstari:
huu ulikauka mwaka wa njaa,
huu aliunywesha maji ya kufulia,
mimba ya Chilewa ikiwa miezi minane.

"Andika Sechelela,"
akasema mama, kama anayeomba chumvi kwa jirani.

"Kisanduku ni kimoja, mama."

"Basi punguza herufi. Tutaenea wawili."

Baba alikuwa akigeuzageuza kofia.
Kisha akasogeza kiti,
mguu wake mmoja ukazama mchangani,
mama akapata pa kuinamia.

Mjini wanaujadili usawa kwenye kumbi zenye viyoyozi.
Waujadili, maneno yake hayaishi leo.
Mimi nauona kwenye dole gumba
lenye wino wa zambarau
ambalo mama hakulisugua siku tatu,
akisonga nalo ugali wa uwele.

Sufuria, lakini,
bado anaosha yeye.