Foleni ya Nukta

Kaya namba mia moja na kumi na nne.
Nimeiandika kwa chaki juu ya mlango wa mbao,
unga umebaki vidoleni
kama mtu aliyetoka kukanda.

Nje, trela la miwa linaelekea kiwandani,
vumbi la Mayuge linaingia bila hodi.
Nasoma fomu ya ridhaa neno kwa neno
kama tulivyofundishwa Makerere, chini ya feni
iliyozunguka kama inayofikiri:
una haki ya kukataa, una haki ya kunyamaza,
hakuna malipo ila sabuni, mche mmoja.
Anacheka kidogo. Anachovya dole gumba kwenye wino.

"Jina?"
"Nabirye."

Swali la ishirini na saba:
umezaa watoto wangapi waliotoka wakiwa hai?
"Mmoja."
Na huyo mmoja amekaa kizingitini,
anamenya muwa kwa meno, magoti yamepauka.
"Anaitwaje?"
"Tenywa."

Mimi ni mtu wa Kabale, wa milima na viazi.
Jina, kwangu, lilikuwa jina tu.
Nikabonyeza moja. Kishikwambi kikakubali, kijani.

Ni Kagoya, mhudumu wa afya wa kijiji,
aliyenivuta mkono katikati ya miwa:
Daktari (ananiita hivyo, sijawa),
huku Busoga mtu haitwi Nabirye hivi hivi.
Ni mama wa mapacha.
Na Tenywa ni yule wa pili kutoka.
Wa kwanza ni Waiswa.
Hakuna Tenywa asiyetanguliwa na Waiswa.

Tulikuwa tumebakiza kaya tisa na saa mbili za jua.
Nilirudi.

"Na Waiswa?"
Aliendelea kuchambua maharage,
mabovu huku, mazima huku.
"Uliniuliza watoto," akasema.
"Huyo hakukaa hata apate kikombe chake."

Tarehe ya kuzaliwa: mvua za kwanza.
Tarehe ya kufa: mvua zile zile.
Kishikwambi kinataka siku, mwezi, mwaka.
Asiyejua huandikiwa tisini na tisa.
Nikaandika tisini na tisa, tisini na tisa,
ingawa alijua.
Alijua hata upande wa paa uliokuwa ukivuja.

Kampala, Dakta Okwonga na kalamu yake nyekundu:
"Data chafu hufuliwa, binti."
Safu zote za tisini na tisa
ziliondoka kwa kitufe kimoja,
bila sauti, hata ya mlango.
Nilibishana juu ya safu moja.
Juma zima nilibishana, nikashinda.
Zile nyingine sikuzipigania.
Sikuwa nimerudi kuziuliza.

Tasnifu ikapita. Wakanipigia makofi, wakala sambusa.

Mwaka uliofuata nikarudi na matokeo,
maana hilo nalo tulifundishwa: usichukue tu, rudisha.
Chati kubwa ya karatasi, nikaibandika
kwenye ukuta wa zahanati kwa gundi ya unga.
Nikaeleza mhimili wa chini, mhimili wa wima.
Nikasema kila nukta ni mtoto mmoja
ambaye hakufikisha mwaka.

Nabirye akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi.
"Wangu ni ipi?"

Sikujua. Majina tulikwisha kuyafuta,
ndivyo maadili yanavyotaka.
Ningemwambia hivyo.
Badala yake nikaonyesha moja, kushoto, chini,
iliyokaa peke yake.
Akaifunika kwa kidole kile kile cha wino.
Akakaa hivyo.

Nilipogeuka, jirani yake alikuwa nyuma yake,
na nyuma ya jirani, mwingine, kanga begani,
na mzee mmoja wa kiume, kofia mkononi,
hakuna aliyewaambia wapange mstari.

Nukta zilikuwa arobaini na moja.
Foleni ilitoka mlangoni, ikavuka barabara,
ikaingia kwenye miwa,
na miwa bado ilikuwa inatikisika.