Basi Namba Tisa

Wamenipa kifua kipana na koti la ngozi.
Mimi nilivaa sweta ya dada,
imetoboka kiwikoni.

Kwenye filamu natoroka kwa gari jekundu, matairi yakilia.
Wapi! Nilisimama kituoni, mvua ya Grimsby ikininyea,
basi namba tisa likachelewa,
noti zikalowa ndani ya mfuko wa viazi.

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi.
Nami nikacheka.

Ila yule karani wa posta, Bi Hesketh,
wamemfanya atabasamu, anikonyeze.
Hakutabasamu.
Alihesabu noti kwa sauti, akakosea, akaanza upya,
huku akiniomba radhi.

Kifungo nilikimaliza miaka mingi.
Filamu imekwisha, taa zimewashwa.
Yeye bado anahesabu.